Neno la Shingo ya Mkwe Wangu

Mie na shule tuliachana kidato cha pili, kwa makubaliano ya pande zote mbili, maana nayo ilikuwa haina hamu na mie. Kwa hiyo nikisema nataka kueleza neno la hospitalini lilianzia wapi, tangu huko kwa Warumi wa kale, anayenijua atacheka kwanza, halafu atavuta kiti asikilize, kwa sababu anajua lazima nitafika mahali nitaaibika. Hajakosea. Lakini katika maneno yote ya kigeni niliyowahi kupewa, hilo moja ndilo nililolijua mpaka mizizi.

Neno lenyewe ni goita. Sie watu wa pwani tunasema rovu, ule uvimbe unaoota mbele ya shingo, taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka mtu anaonekana kama amemeza kitu kikakataa kushuka. Pwani hukutani nalo sana, samaki tunaokula wanatukinga bila sisi kujua. Mie nilikuwa nimeliona kwa mbali tu, kwa wapita njia. Halafu nikaoa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mwanzoni mwa tisini, mipaka imefunguliwa na kila mtu kageuka mfanyabiashara. Mie nilikuwa nauza mitumba soko la Tandika. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Temeke, nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati, uani jiko na bomba linalotoa maji likijisikia. Mke wangu ni mtu wa kusini, kule milimani Ruvuma, kwenye kahawa na baridi. Alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake akapanda basi la Songea akaja kumlea mzazi, kama ilivyo desturi.

Kabla hajafika, mke wangu alinikalisha chini akanipa masharti. Kwao mkwe ni mkwe. Hatazamwi usoni. Huli naye. Hukai kwenye mkeka aliokalia, hata kama ameshaondoka. Ukitaka kumwambia jambo, unapitisha kwa mtu mwingine, na kama hakuna mtu unapitisha kwa kitu. Na kubwa kuliko yote, mwili wake hautajwi. Si mguu, si mkono, si jino.

"Hata akiumwa?" nikauliza.

"Akiumwa nitakwambia mimi."

"Na akiumwa wewe hupo?"

"Baba, mama yangu hajawahi kuumwa mimi sipo," akasema, kana kwamba hilo limemaliza mambo.

Sie pwani ukwe tunauheshimu, lakini si kwa kiwango kile. Mama yangu mzazi na mume wa dada yangu walikuwaga wanagombania paja la kuku mbele za watu. Sasa mie, mtu wa porojo kutwa nzima, nauza shati lililochanika kwa kusifia vifungo vyake, naambiwa nikae kimya ndani ya nyumba ninayoilipia kodi. Nikasema sawa. Nilitaka nionekane mkwe wa maana. Nikayashika masharti yale kuliko hata walioyatunga.

Mkwe akaja. Mama mwembamba, mrefu, rozari mkononi, sauti nene ya chini. Na mbele ya shingo, rovu. Najua lilikuwa kubwa kwa sababu hata mtu anayetazama vidole vya miguu yake mwenyewe alikuwa analiona. Mke wangu hakuwahi kunitajia. Siku nyingi baadaye nilipomuuliza kwa nini, alishangaa swali. Akasema kule kwao mama zake wadogo wanalo, jirani analo, mwalimu wa katekisimu analo. Ni kama kuniambia mama yake ana magoti.

Shida ilianzia uani. Mama mwenye nyumba wetu alikuwa Mzaramo wa hapo hapo, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usiokuwa na mlango. Asubuhi ya pili anachambua mchele, mkwe wangu anapita na ndoo ya maji ya mzazi, mie napiga mswaki.

"We baba," akaniita kwa sauti ya kufika mtaa wa pili, "mkweo ana rovu kama papai, hujaliona?"

Nikasema na povu mdomoni, "Shikamoo mama. Mie kwa mkwe wangu sina macho."

"Marahaba. Basi yaazime. Lile si la kukaa nalo, litamnyonga."

Hakuwa na ubaya. Lakini mkwe alisikia, na uani wote ulisikia, na wapangaji wawili walicheka. Mkwe akaweka ndoo chini, akaingia ndani. Alipotoka shingo ilikuwa imezungushiwa khanga mpaka kidevuni. Tangu siku ile uani hakuna aliyeiona shingo ile ikiwa wazi, na joto la Temeke mnalijua. Kwao alikuwa na shingo kama wenzake. Kwetu kwa neno moja akawa na ugonjwa. Nimeliwaza sana jambo hilo, kwamba mtu alipanda basi akiwa mzima akashuka mgonjwa, na katikati hakuna kilichobadilika ila watu wa kumtazama.

Mie nikafanya nilichoweza. Belo za mitumba za wakati ule zilikuwa na vituko, zinatoka nchi za theluji, ukifungua unakuta skafu za sufu ambazo Dar hazina mnunuzi. Nikachagua moja nzuri, nyepesi kidogo, mistari myekundu na kijani, nikampa mke wangu: "Mpe mama, kule kwao baridi." Kesho yake mkwe kaivaa. Skafu ya sufu, jua la saa saba, anakaanga dagaa. Mama mwenye nyumba akamtazama, akanitazama, akameza maneno, na mie najua yalimuumiza koo kuyameza.

Lakini hayo ya aibu yalikuwa madogo. Kubwa ilikuwa pumzi.

Kuta za nyumba zile hazifiki juu, paa moja linafunika vyumba vyote, ukikohoa huku wanakuitikia kule. Kila tukilala tulikuwa tunamsikia mkwe chumba cha pili anavuta pumzi inapiga mluzi. Hakuwa analala chali. Alikuwa anaegemea ukuta, mto mgongoni, anasinzia amekaa. Mke wangu akinisikia niko macho ananishika mkono. Siku moja akanieleza. Mama yake mdogo, mdogo wa mkwe, alikuwa na mluzi huo huo. Alikufa amekaa, wanampepea kwa majani ya mgomba, anatafuta hewa mchana kweupe. "Arobaini ikiisha mama atarudi," akasema, "amesema mvua zinakaribia, anataka kupanda mahindi. Akipanda basi akiwa hivi, sitamwona tena."

Nikamwambia ampeleke hospitali. Akanitazama kwa ile huruma wanayokuwa nayo wanawake kwa wanaume wajinga. Yeye ni mzazi, hajatimiza arobaini, hatoki. Atakayempeleka ni mie.

Kumshawishi mkwe ilikuwa kazi ya mke wangu, na aliifanya kwa njia yake. Aligoma kula. Uji wa pilipili manga ukaletwa, akageukia ukutani.

"Kunywa, mwanangu, maziwa yatakatika."

"Yakatike."

"Mtoto atakula nini?"

"Mtoto atakula nini bibi yake akifa? Nenda hospitali nitakunywa."

"Mimi siumwi."

"Na mimi sina njaa."

Nilikuwa koridoni nimejibanza kama mwizi wa kuku. Uji ukawa unapoa. Halafu nikasikia kijiko. Nikajua ameshinda, na nikajua kesho ni zamu yangu.

Tulitoka asubuhi kwa miguu, mie mbele, yeye nyuma hatua kadhaa, kama watu wasiojuana waliokosana. Alibeba mwavuli, mie nimebeba chupa ya chai. Kwenye benchi la hospitali tukakaa mwisho na mwisho, katikati tumeacha nafasi ya watu wanne, na watu wanne wakaja wakakaa. Kila nikitaka kumuuliza kitu naisemesha chupa.

"Chupa hii sijui imechoka. Sijui ingependa chai."

Na yeye kule mwisho anaujibu mwavuli wake, "Mwavuli umeshakunywa nyumbani."

Baba mmoja aliyekaa katikati yetu akageuka huku, akageuka kule, akainuka akahamia benchi lingine. Nadhani alifikiri amekaa kwenye foleni ya wodi ya vichaa.

Tukaitwa. Daktari alikuwa mwanamama mnene wa makamo, miwani imeshuka puani, feni inazunguka kichwani pake kwa uvivu. Mkwe akakaa kwenye kiti cha pembeni karibu na mlango, skafu mpaka kidevuni, amejikunyata. Mie nikasimama mbele ya meza nimempa mgongo mkwe, ndiyo adabu.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba. Tatizo nini?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sikujiandaa. Njia nzima nilikuwa nafikiria chupa. Sasa naulizwa tatizo, na tatizo ni shingo, na shingo ni ya mkwe, na mkwe yuko nyuma yangu anasikia. Kusema "shingo ya mama huyu" siwezi. Kusema "rovu" ndiyo kabisa, neno lile lilimfungia mtu ndani ya skafu. Kumnyooshea kidole mkwe ni kosa hata pwani. Jasho likanitoka. Nikainua mkono, nikagusa koo langu mwenyewe.

"Ishu yenyewe iko hapa, dokta."

"Kaa," akasema. "Fungua kifungo."

"Dokta, sio kwamba..."

"Usiongee. Inua kidevu."

Akaja nyuma yangu, akanishika koo kwa vidole vya mikono miwili, vidole vya baridi, vinanitafuta kama mtu anayepapasa nazi sokoni. Akamimina maji kwenye glasi.

"Chukua funda moja. Usimeze mpaka nikwambie. Meza."

Nikameza.

"Tena. Meza."

Nikameza. Nikifungua mdomo nimweleze, ananirudishia glasi. Maji yale nilikunywa kama ngamia. Akaniuliza kama mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Nikasema sasa hivi, ndiyo. Akaniuliza kama natoka jasho kuliko wenzangu. Na hilo alikuwa analiona mwenyewe.

"Sikuti kitu," akasema. "Koo lako zuri kabisa. Nani kakwambia una goita?"

Hapo nyuma yangu nikasikia kitu. Kwanza nilidhani mkwe amekwama pumzi. Kisha nikatambua anacheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya skafu na anacheka mpaka kiti kinagonga ukuta, mama yule ambaye tangu afike sikuwahi kumsikia akicheka hata kidogo. Na kila akivuta hewa apate kucheka tena, mluzi unatoka, mrefu, mkavu.

Daktari akaacha koo langu. Akasikiliza. Akaipandisha miwani.

"Mama," akasema taratibu, "mgonjwa ni nani humu ndani?"

Mkwe akajifuta machozi. Akasema, "Huyu ni mkwe wangu, daktari. Hawezi kunitaja." Halafu mwenyewe, kwa mikono yake, akaanza kuifungua skafu. Nikageukia dirishani haraka, lakini niliusikia mzunguko wa kwanza, wa pili, na pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

Nimewahi kujiuliza kama angekubali kuguswa iwapo nisingeguswa mie kwanza. Mke wangu anasema asingekubali. Aliona ni vidole na maji tu, hakuna kisu, na aliona jinsi mtu anavyoweza kuchekesha akiwa ameinua kidevu. Basi naomba nihesabiwe kwamba katika maisha yangu niliwahi kuwa mgonjwa mwenye manufaa.

Daktari alimpima kwa muda, mie niko dirishani natazama mti wa mwarobaini. Nikamsikia anasema goita tena, na mkwe akauliza hilo ndilo jina lake la kweli? Nilijua kwa nini anauliza. Alikuwa anataka kujua kama neno la hospitali nalo ni tusi.

"Ni la Kiingereza," daktari akasema, "ila Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini cha kale, huko lilikuwa neno la koo. Mwanzo wake ni koo tu, mama. Mimi nilisomea Ujerumani, ule upande wa mashariki kabla ukuta haujaanguka. Kule wao wanasema struma. Hilo nalo Kilatini, maana yake uvimbe wa shingo, na zamani walilitumia kwa uvimbe wa shingo wa kila aina. Na tezi yenyewe iliyovimba inaitwa thairoidi, hiyo ni ya Wagiriki. Mbele ya koo kuna gegedu limekaa kama ngao, zile ngao zao ndefu kama mlango. Wakaliita la mfano wa ngao, na tezi iliyopakana nalo ikarithi jina."

"Kama mpangaji anavyoitwa kwa jina la mwenye nyumba," nikaliambia dirisha. Sikuweza kuvumilia, nilikuwa nimenyamaza tangu asubuhi.

Mkwe akalitafakari. Halafu akauliza, "Hao wote wana majina yake, kwani nao wanalo?"

"Walikuwa nalo vijiji vizima. Kule Ulaya kwenye milima mirefu, kama kwenu. Mvua inaosha udongo, madini joto yanaisha kwenye chakula, tezi inahangaika mpaka inavimba. Wakaanza kuyatia kwenye chumvi, ndiyo sasa na sisi tunaanza."

"Wazungu?"

"Wazungu hao hao."

"Na shingo hivi?"

"Na nyingine kushinda hivi."

Mkwe akasema "Aa." Ile aa fupi ya mtu aliyepewa habari za ndugu aliokuwa hawajui.

Lakini daktari hakuishia hapo. Chumvi ni kwa wajukuu, akasema, hili limeshapita chumvi. Limekua kwa ndani, linashuka nyuma ya mfupa wa kifua, linabana njia ya hewa. Lazima lipasuliwe litolewe, na si la kungojea mavuno. Mkwe akashukuru vizuri sana, akajifunga skafu yake, na nje mlangoni akauambia mwavuli kwamba yeye hapasuliwi.

Nyumbani mke wangu alilia, alibembeleza, alisusa uji tena na safari hii haikusaidia. Mkwe alikuwa na sababu zake, akizieleza chumbani kwake na sie tunazisikia juu ya ukuta. Kisu kwenye koo, akasema, hata kuku anajua maana yake. Na la pili lilikuwa la kushangaza zaidi. "Nitarudije na shingo tupu? Wenzangu wote wanalo. Wataniuliza nimelipeleka wapi, nimelibadilisha na nini. Watasema mjini wamemnunulia mama yule shingo."

Maneno hayo yalinizunguka kichwani siku nzima sokoni, mtu ananiuliza bei ya suruali simsikii. Huku kwetu aibu ni kuwa nalo, kwao aibu itakuwa kutokuwa nalo. Na mie niliyekuwa na mdomo wa kumuuzia mtu koti la theluji mwezi wa Desemba, nilikuwa sina ruhusa ya kumwambia neno.

Ila hakuna sharti lililosema nisiongee na mke wangu kwa sauti kubwa. Jioni hiyo nikakaa upande wetu wa ukuta, nikaanza.

"Unajua mama mtoto, lile neno goita ni mtumba."

"Mtumba?"

"Mtumba kabisa. Mrumi kalivaa, likamchakaa. Mfaransa kaliokota, kapunguza mikono. Mwingereza kachukua, kabadilisha vifungo. Sasa limeingia Temeke kwenye belo. Na wote hao waliolivaa, kila mmoja alisema ni la kwake, na wote shingo zao ziliwahi kuvimba. Hakuna aibu ya mtu mmoja hapo. Nguo iliyovaliwa na watu wote hao, nani atamcheka aliyeivaa mwisho?"

Upande wa pili mluzi ukasogea ukutani. Halafu sauti nene: "Mwanangu, muulize huyo msemaji, na nguo ikivuliwa, mwenyewe hubaki uchi?"

Mke wangu akanitazama. Nikafikiri. "Mwambie," nikasema mwishoni, "anabaki na aliyekuwa ndani ya nguo."

"Mwambie nimesikia," mkwe akasema. Siwezi kudai maneno yangu yalimgeuza, maana siku zilipita na bado alikuwa anahesabu arobaini na kuulizia basi.

Kilichomgeuza kilitokea uani, jua bado halijazama. Mkwe alikuwa anamwogesha mtoto kwa namna ya kina bibi: amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha, mtoto kalazwa juu ya miundi yake, anainama kumkanda kwa maji ya moto. Mie ndiyo narudi kutoka sokoni na furushi begani, naona miguu ya mkwe, nageuza uso haraka maana nayo ilikuwa ndani ya masharti. Mke wangu yuko chumbani, mama mwenye nyumba kaenda kwenye maulidi. Nikasikia mluzi. Halafu nikasikia mluzi umekatika.

Nikageuka. Alikuwa ameinama na hewa haiingii. Mdomo wazi, macho yametoka, mtoto amepakwa sabuni anateleza kwenye miundi kuelekea beseni. Mkwe hakumwachia. Alimshika kwa mikono miwili, akainua mtoto mbele yake, kunielekea mie, na macho yake yakaingia kwenye macho yangu moja kwa moja. Nikatupa furushi. Nikampokea mtoto, vidole vyangu juu ya vidole vyake, vinateleza sabuni. Yeye akajinyoosha, akaishika nguzo ya jiko, akatafuta hewa, akaikosa, akaitafuta tena. Ilipopita ilitoa sauti kama mlango wa zamani.

Mke wangu alishafika, anamshika mabega, anamwita mama, mama. Mkwe akasubiri mpaka akaweza kusema. Akamtazama mtoto mikononi mwangu, mwenye povu masikioni, analia kwa hasira na afya. Halafu akanitazama mie. Hakupitisha kwa mwavuli wala kwa mwanawe.

"Baba," akasema, "nipeleke."

Nikamwambia, "Ndiyo, mama."

Alilazwa wiki hiyo hiyo. Wakataka ndugu wa kutoa damu, na mie nikawa ndugu. Nilikuwa nimeshawaambia wauguzi vichekesho vyangu vyote kabla sindano haijaingia, ilipoingia nikaanguka kama gunia, wakanipa soda ya bure. Walinieleza damu yangu inaweza kumfaa. Nikawaza, kama ni hivyo basi ukwe umekwisha, maana sijui desturi gani inakataza mtu kutazama damu yake mwenyewe.

Siku ya kupasuliwa mke wangu alibaki nyumbani na mtoto. Nilikaa nje ya wodi tangu asubuhi. Sikusemesha chupa. Kuna hofu ambayo haichekeshi, na nilishangaa kuikuta ndani yangu kwa ajili ya mtu ambaye sura yake nilikuwa nimeiona sawasawa mara moja tu. Daktari wetu mnene alipita mara moja na kofia ya kijani, akanitambua, akanigusa koo kidogo akasema, "Wewe hujambo," akaenda.

Saa ya kutazama wagonjwa muuguzi akafungua mlango. "Ndugu wa yule mama wa Songea?" Nikasimama. Nikafika mpaka mlangoni nikasita.

"Ingia basi," muuguzi akasema. "Unaogopa nini?"

"Ni mkwe wangu."

"Ni mgonjwa. Kaa karibu naye, akitapika uniite."

Nikaingia. Nikavuta kigoda mpaka kitandani. Nikamtazama, polepole, kuanzia kwenye paji la uso. Bandeji ilikuwa imekaa bapa mbele ya shingo, na juu yake kidevu ambacho sikuwahi kujua kwamba ni cha mke wangu, kile kile, na kishimo katikati. Wodi ilikuwa na makelele ya watu na vyombo, lakini nilipoinama kwake hakukuwa na mluzi. Kifua kinapanda na kushuka, basi.

Karibu na kengele ya kutoka akafumbua macho. Akanikuta pale, uso kwa uso, hakuonekana kushangaa. Midomo ikahangaika. Nikasogeza sikio. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, imepungua nusu, lakini yake.

"Mtoto," akasema, "nani kamwogesha?"

"Mie," nikasema.

Akanitazama kwa muda, na shaka yote ya wakwe wa dunia ilikuwa kwenye macho yale.

"Nyuma ya masikio?"

"Nitarudia nikifika, mama."

Akaridhika. Akafumba macho, akalala chali.